Radhi Niliyoikalia

Watu wa kwetu Waa hupenda kusema malipo ni hapa hapa duniani, akhera ni kwenda hesabu tu. Mimi niliyangojea malipo ya ami yangu miaka saba, na sikuyaona. Minazi aliyotunyang'anya ilizaa. Wanawe walioa. Hata jino halikumuuma.

Ami alikuwa mdogo wake baba, tumbo moja. Baba alifariki mwaka ule ule wa uhuru, na mama alikuwa hajamaliza eda ami alipowakusanya wazee akawaambia kwamba sisi Wadigo tuna ada yetu: mali hufuata tumbo, huenda kwa ndugu wa mama mmoja na kwa watoto wa dada zao, haiendi kwa mjane wala kwa binti. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimkumbusha kuwa marehemu alikuwa Mwislamu, na sheria inampa mjane thumuni na binti nusu. Ami akacheka. Alisema sheria ni ya kuswalia, ada ni ya kurithia. Wazee wakaitikia. Nyuso zao ninazo mpaka leo, mmoja mmoja.

Tukahamia kwao mama, huko Kinango, ambako maji ya lambo tuliyafuata asubuhi tukarudi nayo adhuhuri. Bibi yangu, mama yake mama, hakuwa Mwislamu. Alichota kata ya maji hayo hayo akaenda kuyamwaga makaburini, koma, roho za wazee wake, wanywe.

"Bibi, sisi twafa kiu, wafu ndio wapewa maji?" nilimuuliza kwa hasira.

"Wewe ukidhulumiwa una mdomo, mjukuu wangu," alinijibu. "Wao wana nini? Tukiwasahau, haki yao imekwenda."

Nilimwona mjinga. Miaka minne baadaye mama akashikwa na homa, na mchana mmoja, akiwa ameniegemea, akaniambia: "Kamwambie ami yako nimemsamehe. Sitaki kusimama naye tena mbele ya Mungu, nimechoka naye. Hiyo ni amana." Nikaitikia naam. Alifariki kabla ya alasiri.

Nilikwenda Waa mara nyingi baada ya hapo, kwenye arusi na matanga, nikampa ami mkono, na sikumwambia kitu. Yeye kasamehe, nilijisemea, mimi je?

Hapo ndipo nilipoanza kuamini sawasawa. Chuoni nilikariri habari za malaika wanaomhoji maiti kaburini, nikazikariri tu ili nisichapwe. Lakini mama alipokwisha kuzikwa na ami bado anakula madafu yetu, nilitaka pawe na mahali. Nimesikia wasomi wakisema mtu huamini akhera kwa kuogopa kufa. Labda wao. Mimi niliamini kwa uchungu. Nilitaka kaburi limbane ami hadi mbavu zipishane, na moto wa huko kama ungepungua kuni ningejitwika mwenyewe nikapeleka.

Kisha ami akaugua, akaniita. Nilipofika nilikuta ameshaandikisha kwamba shamba lake, yaani letu, wapewe wanawe, tena kwa sheria. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ada ilipofika zamu ya kuwala watoto wake, mzee akaukumbuka Uislamu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Keti karibu." Mkono wake ulikuwa mifupa mitupu. "Nilimdhulumu mama yako. Na haki ya mja, Mungu haisamehe mpaka mja mwenyewe asamehe. Yeye sikumuwahi. Je, hakuacha neno juu yangu?"

Mkewe alikuwa ameketi pale na kikombe cha uji. Wote wawili walinitazama.

"Hakuacha, ami."

"Hata moja?"

"Hata moja. Utamkuta huko, mtazungumza."

Jasho likamtoka, nami nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Nilikwenda jikoni nikala wali wao nikashiba. Aliishi siku tatu, na muda wote huo, mkewe alinihadithia, alikuwa akimwita shemeji yake, yaani mama, amwondolee mguu kifuani.

Furaha hiyo ilinikaa karibu mwaka mzima. Halafu siku moja, nikikuna nazi, nikaisikia hesabu yangu mwenyewe. Ikiwa huko kupo, basi mama keshampokea ami na kumwambia, shemeji, mbona nilikusamehe zamani, binti yangu hakukwambia? Na wote wawili sasa wananingojea mimi: niijibie amana niliyoikalia, na ami anilipe nusu yangu ambayo mimi sijamsamehe. Ikiwa hakupo, nimesalimika, lakini ami naye kasalimika: aliteseka siku tatu tu, basi.

Siku tatu hazitoshi. Kwa hiyo naamini.