Boliti Yenye Kiuno cha Nyigu

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa siku ya kurudi kutoka shambani Kiwangwa, na hasira yake ninayo mpaka leo. Sikusimulii kukuburudisha. Juzi nimepita nyuma ya nyumba yenu nikaliona hilo tela unaloliunda la kufunga kwenye pikipiki. Sakafu ni plaiwudi iliyokwisha kumwagiwa zege kwenye jengo la watu, mbavu ni mbao za makasha ya vigae. Nilipokuuliza ukanijibu, "Bi Mkubwa, hili ni la mizigo tu." Maneno hayo niliyasikia kabla mama yako hajazaliwa, na hata wakati ule yalikuwa uongo.

Kaka yangu Salehe alikuwa na pikapu kuukuu, na fremu ya tela aliyoichomelea mwenyewe. Chuma kilikuwa kizuri, sikitii kasoro. Ilibaki sakafu na mbavu. Mbao mpya zilikuwa na bei ya mahari, na mimi ndiye niliyekuwa na sifa ya kupatana. Wauza mbao wakiniona walikumbuka ghafla kwamba hawajasali. Nikashuka pwani, nikamkuta mtu anabomoa mashua iliyopasuka. Mbao za mvule, nene, nzito, zimekaa majini miaka na hazikuoza. Nilipatana naye mpaka akaniachia kwa bei ya kuni, akaniomba tu niondoke. Nikarudi najisifu: mti ulioishinda bahari utashindwa na mananasi?

Hapo ndipo ujinga ulipo, tena ujinga wetu sisi watu wa pwani, tunaodhani bahari ndiyo mtihani wa mwisho. Mti ulikuwa mzima kweli. Lakini ulikuwa umekunywa chumvi ukashiba, nasi tukaukaza kwa boliti juu ya chuma. Kila usiku ubao ukivuta unyevu unatoka jasho, na jasho lile lote linanywewa na boliti. Salehe akapaka rangi ya bluu. Kizuri chajiuza, wanasema. Rangi nayo inajua kuuza.

Tela likafanya kazi masika yote. Asubuhi linakwenda tupu, mchana linajaa mananasi, na kwa kuwa magari yalikuwa machache na miguu ni miguu, wachumaji walikaa juu ya mananasi tukarudi nao. Siku hiyo niliwahesabu wanawake waliokuwa wakingoja kupanda, wakawa saba. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Mara ya pili wakawa wanane, maana Mwanahamisi alikuwa na mimba kubwa.

Aliyewaongoza ni shangazi yetu, Bi Tatu. Nikamwamkia. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alikuwa ameinama anatazama chini ya tela, ambako kutu ilikuwa imechuruzika chini ya kila boliti. Akapitisha kidole kwenye ubao, pale rangi ilipobanduka, akakilamba. Akatema.

"Chumvi," akasema. "Salehe, lete spana."

Salehe akacheka. Akamwambia shangazi asihangaike, hilo ni tela la mizigo, na boliti ni nzima, kwani kichwa si hiki na nati si hii? Shangazi akamwuliza kama Mwanahamisi ni gunia. Kisha akamwambia afungue.

Boliti ya kwanza ikatoka. Kichwa kizima, nati nzima, kiuno hakuna. Ilikuwa imeliwa katikati, ndani ya ubao, pasipofika jicho. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Ya pili haikungoja spana. Ilikatika mkononi mwa Salehe. Kiuno cha nyigu huimbwa harusini, na mwanamke akisifiwa nacho hufurahi. Boliti iliyobeba roho nane ikiwa nacho, hilo ni kaburi linalosubiri tuta tu la barabara.

Na mimi, kwa mazoea yangu ya kutafuta bei ya katikati, nikasema labda tungekwenda polepole. Shangazi akanigeukia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwenye mbao ulipatana naye," akasema. "Mwanahamisi ulipatana naye lini?"

Nikaenda nikamshika Mwanahamisi mkono.

Tukatembea, maana shangazi hakuiamini tena hata pikapu ya Salehe, Mwanahamisi katikati yetu, tukipumzika kila alipotaka. Mananasi yalibaki shambani, ngedere wakafanya karamu. Hakuna aliyeumia. Na kwa sababu hakuna aliyeumia, Salehe alimnunia shangazi muda mrefu, akidai amemtia hasara bure. Ndivyo tulivyo: anayekuzuia usianguke hana ushahidi.

Kwa hiyo nisikilize, na uache kutabasamu. Hakuna tela la mizigo. Siku utakayolitoa barabarani, mama mwenye mtoto anayeumwa atakusimamisha, nawe si mnyama, utampakia. Sakafu ichague kwa ajili yake. Hiyo plaiwudi imekwisha kuvimba pembeni, ing'oe leo. Tafuta mkongo au mninga uliokauka vizuri, usioijua bahari, uache upenyo kati ya ubao na ubao maji yapite. Ukipata bati nene la vipele, weka, ila chini yake panga vyuma karibu karibu lisibonyee. Mbavu zifike kifuani pa mtu aliyekaa, na zishikwe na nguzo za chuma; mbao za makasha zina misumari, uaminifu hazina. Kila masika yakiisha, fungua boliti utazame kiuno chake. Bandu bandu huisha gogo, na chuma kina bandu bandu yake.

Bei bana, mimi nani nikukataze? Bana rangi, bana taa za urembo, bana hilo jina unalotaka kuandikisha nyuma. Pale anapokaa mtu hapana punguzo.

Mwenyezi Mungu akubariki mikono, akupe mzigo wa halali usiokatika. Na kila utakayempakia amfikishe kwake salama, ashuke kwa miguu yake mwenyewe, asimame imara, akugombeze kuhusu nauli. Amina.