Tulivyompeleka Hamadi Makunduchi

Harufu ya viti vya ngozi vilivyopigwa jua mpaka leo hunirudisha kwenye gari ndogo ya kijani ambayo baba aliazimwa na rafiki yake, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Ilikuwa kaskazi, skuli zimefungwa, na mjini joto lilikuwa likitoka ndani ya kuta. Asubuhi moja mama alitwambia tunakwenda kutembea Makunduchi kwa bibi, mama yake mzazi.

Mimi, Asha, nilikuwa na miaka saba, mdogo wangu Zuhura mitano, na Hamadi, kitinda mimba, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Hamadi alikuwa na kifaduro. Kikohozi kikimshika hakimwachi mpaka avute pumzi kwa sauti ndefu nyembamba, kama jogoo anayejifunza kuwika. Basi sisi tukimwita Jogoo, na mama hakutukataza.

Siku ile hakutukataza chochote. Mandazi aliyagawa kabla hata hatujafika Fuoni, akatuacha tutoe vichwa dirishani, na njia nzima aliimba, Hamadi yumo mapajani mwake. Baba, asiyependa kelele, alishika usukani kwa mikono miwili, asitunyamazishe.

Tulipoipita Kitogani minazi iliisha. Ukaja uwanda: mawe makali yamejitokeza ardhini kama meno, vichaka vya kimo cha goti, na kivuli hakuna.

"Hapa anakaa nani?" Zuhura aliuliza.

"Kenge," baba alijibu.

Zuhura akataka gari isimamishwe amwone kenge. Hazikupita dakika nyingi, gari ikasimama yenyewe. Mvuke ulifoka mbele, baba akashuka na kufungua boneti kwa kitambaa, akarudi uso umemtota jasho.

"Mama Asha, nipe hayo maji niitilie gari."

Mama alilivuta birika karibu yake. "Haya ya Hamadi."

"Tukikaa hapa juani naye hatofika."

"Na ikisimama tena huko mbele, ntampa nini?"

Walisema kwa sauti ya chini, kama watu waliomo msibani. Baba aliitazama njia upande huu na upande ule, kisha akakaa juu ya jiwe, tarbushi yake mkononi. Sikuwahi kumwona baba amekaa chini njiani.

Mama akavua buibui. Mama yangu, ambaye mjini hakuvuka hata kichochoro bila ya buibui, alilivua mchana kweupe, akalifunga ncha moja kwenye mlango wa gari na nyingine kwenye kichaka, likawa hema. Akakaa chini yake na Hamadi, akichovya pembe ya kanga kwenye maji na kumdondoshea mdomoni. Sisi alitutuma tutafute kenge.

Hatukumpata kenge, lakini sikumbuki siku tuliyofurahi zaidi. Tuliokota makombe, tukashangaa yamefikaje huko mbali na bahari. Mara moja Hamadi alikohoa kwa muda mrefu, midomo ikabadilika rangi. Mama alitupa mgongo, akaimba kwa sauti kubwa zaidi.

Baadaye lilitokea gari la ng'ombe limejaa kuni. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, Mzee Mcha, akirudi kwao Makunduchi.

"Shikamoo, mzee," mama alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaumwa?"

"Anakwenda kwa bibi yake."

Mzee Mcha alimtazama Hamadi, asiulize tena. Alianza kuzishusha kuni zake kando ya njia. Baba alipotaka kumzuia, alisema, "Kuni hazitokimbia," akaendelea mpaka gari likabaki tupu.

Tulipanda sisi na mama. Baba alibaki na gari ya rafiki yake. Kwetu ilikuwa kama sikukuu. Zuhura alipewa kushika fimbo ya ng'ombe, akajiona bwana harusi. Tulipofika, bibi alimpokea Hamadi bila ya salamu, akaenda kukaa naye barazani penye upepo wa pwani. Baba aliingia jioni kwa miguu, viatu amevishika mkononi.

Tulikaa huko muda mrefu, mpaka asubuhi moja Hamadi akalia anataka uji. Bibi alimpikia, akasonya, akasema mtoto huyu mlafi, kisha akaenda nyuma ya nyumba na akachelewa kurudi.

Miaka mingi baadaye, baba keshafariki, tulikuwa tumekaa kwa mama tunakula. Nikaitaja safari ile, nikasema sijapata kutembea nikafurahi kama siku ile.

Mama aliniangalia. "Kutembea?" alisema. "Daktari alishatwambia hana lake tena. Nilitaka afie mikononi mwa mama yangu, azikwe kwetu."

Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nshazaa na nshakesha na wagonjwa, nikidhani nnajua kazi ya mama ni nini. Nilimfikiria yule msichana wa miaka ishirini na mitano, kichwa wazi katikati ya uwanda, akiimba ili watoto wake wawili wasijue kwamba wa tatu anakufa.

Hamadi, ambaye ndevu zake zilikuwa zimeshaingia mvi, aliacha kutafuna. Mama akamsogezea sahani ya samaki.

"Kula, baba," alimwambia. "Kinapoa."