Khalo Nisiyeweza Kumtaja Jina

Siku ya Skukuu, pale Hamriya, Maskati, tulipokuwa tukikaa zamani, watoto wenzangu walikuwa na mzunguko wao: kwanza kwa ammi, ndugu wa baba, kisha kwa khalo, ndugu wa mama, ambako ndiko kwenye kudekezwa. Mie nikimaliza kwa ammi narudi nyumbani. Mama hakuwa na mtu. Nikimuuliza, husema, "Watu wangu walikuwa Aden, mwanangu, wakatawanyika." Basi. Mtoto wa peke yake, tena hana khalo, huwa mpweke hata penye watu.

Siku hizi nakaa Mabela kwa mwanangu, nyumba ina vyumba vyengine hata sijaviingia. Chuoni nilisoma Kurani, skuli sikufika mbali, kwa hiyo msinitake maneno mazuri. Nilikuwa nasema nini? Mama.

Nilikuwa na miaka kumi na nne ikaja barua kutoka London. Mama aliisoma kasimama jikoni, akaikunja, akashika shingo ya kanzu yake akaipasua hadi kifuani. Kanzu nzima, wala haikuwa kuukuu. Akavua viatu, akafunika kioo kwa leso, akakaa chini sakafuni. Nikadhani kapandwa na shetani.

Baba alipoingia akatazama, akafunga mlango, akanambia, "Wakija majirani, sema mama yako mgongo unamuuma."

Wakaja. Wanawake wetu wa Kizanzibari ukiwaambia mtu anaumwa, huwawezi. Bibi wa nyumba ya pili kaja na mafuta ya karafuu, kamlaza mama kifudifudi.

"Mgongo mgumu kama kizingiti! Na hicho kioo mlichokifunika, kina homa na chenyewe?"

Siku tatu mfululizo mama kakandwa mgongo usiouma.

Siku ya nne nikamuuliza nani kafa. Mkao ule ulikuwa wa matanga, ila matanga yetu ni siku tatu, na yake hayakwisha.

"Mama yangu," akasema. "Sisi hukaa saba."

"Sisi nani?"

Ndipo akanambia. Alizaliwa Yahudi. Baba alikuwa karani wa duka Aden, wakapendana, mama akasilimu, na wazee wake wakamkalia matanga naye yu hai. Barua ile ilikuwa ya kaka yake, ya kwanza tangu hapo.

"Kwao mtoto hufuata mama," akasema. "Wao watakuhisabu wa kwao. Lakini baba yako kawaambia nduguze mie Mwarabu wa Aden. Ukisema nje, hapa utaoa wapi?"

Nilioa, alhamdulillahi. Mke wangu nilikuja kumwambia tushapata watoto watatu. Akasema, "Haya, na chai unataka au hutaki?" Lakini hayo ya baadaye.

Siku ile mtu mwengine angeogopa. Mie katika maneno yote nilishika moja tu: nna khalo! Jioni hiyo hiyo, tunacheza mpira, likanitoka.

"Na mie nna khalo. Yuko London."

"Khalo wa kukodi huyo!" akasema mtoto wa jirani. "Jina lake nani?"

Jina nilikuwa nalo, nililiona mwisho wa barua. Ningelitaja, mtaa mzima ungejua sisi nani kabla ya magharibi. Nikaukimbilia mpira.

"Hata jina hajamtungia!" wakacheka. Nikawaacha wanione mwongo.

Nikarudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa sakafuni na mama siku zilizobaki. Tukila mayai ya kuchemsha na adesi. Sikuwahi kumjua yule bibi, ila kukaa kule nilikupenda, nasema kweli.

Matanga yalipokwisha nikamwandikia khalo kwa siri, kwa Kiarabu changu cha chuoni. Kumbe sanduku la posta ni la baba, jibu likaangukia mkononi mwake. Akatukalisha, akalisoma kwa sauti. Khalo alikuwa anauliza: huyu mtoto keshatimiza miaka kumi na tatu? Kwao ndio umri wa mvulana kuhisabiwa mtu mzima.

Mama akacheka huku anafuta macho. "Imempita mwaka."

Baba akaisoma tena, kimya kimya. Nikangoja kofi. Akaniwekea barua mapajani.

"Mjibu mwenyewe," akasema. "Na anwani uiandike vizuri, hati yako mbaya."