Sanduku Langu Kwenye Albamu ya Jirani

Jirani yangu wa Saltley, hapa Birmingham, Mzungu mwenye nywele zilizopakwa mafuta zikasimama mbele kama kishungi cha jogoo, alinigongea mlango Jumamosi asubuhi huku anahema. Albamu yake ya rokabili, ile roki ya zamani iliyochanganywa na bluzi, imebakia wimbo mmoja tu. Studio aliyoikodi mwisho wake leo. Na mpiga besi wake kateleza kwenye ngazi, mkono umefungwa plasta!

"Lile boksi lako," akaniambia, "nalisikia ukutani kila siku. Njoo nalo."

Alhamdulillahi! Boksi lenyewe ni sanduku la majani ya chai nililolitia mti na uzi mmoja likalia kama besi, kama tulivyokuwa tukipiga kidumbak, taarabu ya kuchezea, kwenye maharusi kwetu Unguja. Tangu nije Birmingham nalipigia jikoni, peke yangu. Leo naitwa kwenye albamu, mie! Mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Utatuaibisha mbele ya watu, mwanamme wewe."

Lakini yeye ndiye aliyetupeleka kwa gari, maana mimi sikukubali kuliachia sanduku langu.

Studio ipo Hockley, nyuma ya karakana ya masonara. Hawa wa rokabili hurekodi wote kwa pamoja, chumba kimoja. Mmoja akikosea, mnaanza upya. Gitaa likalia, ngoma ikaingia, na mimi nikaingia... wapi! Nikachelewa. Mara ya pili nikawahi mno. Mara ya tatu jirani akasimamisha gitaa, akatazama saa ya ukutani. Bora angenitukana.

Nikajiuliza, kulikoni? Vidole si ni vilevile? Ndipo nikafahamu. Kidumbak hupigi huku unatazama ukuta. Unamtazama anayecheza, na kiuno chake ndicho kinachokwambia wapi pa kuukaza uzi. Hapa nimtazame nani? Fundi mitambo na masharubu yake?

Nikatoka mbio mpaka kwenye gari, alikokuwa akiningojea mke wangu.

"Njoo ucheze."

"Mie? Mbele ya Wazungu? Una wazimu!"

"Usipocheza wimbo unaachwa, na mimi ndiye niliyeuua."

Akanitazama usoni, akaona sina mzaha. Akavuta kanga yake kiti cha nyuma, akanifuata huku ananung'unika. Fundi mitambo akamwonya asitoe sauti hata kidogo, vinasa sauti vinadaka kila kitu. Mke wangu akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akasimama mbele yangu.

Gitaa likalia. Kiuno kikaenda. Mungu wangu wee! Uzi ukawa unanguruma wenyewe, sijui hata nafanya nini, na jirani akageuka, akaona kinachotokea, akazidi kulichachafya gitaa lake. Mpiga ngoma alikuwa anacheka kimyakimya. Mke wangu kaziba mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka, nikajua anazuia nini.

Wimbo ukaisha. Tukangoja uzi unyamaze kabisa. Fundi akainua dole gumba.

"Haya," nikamwambia, "kitoe."

Akakipiga kigelegele, Hockley nzima ikasikia. Sisi tulifunga ndoa hapahapa Birmingham, kwenye sebule ya kuazima, kimyakimya majirani wasije wakalalamika. Ngoma hakuna, wala mtu wa kutupigia kigelegele. Nikalia palepale, mbele ya Wazungu wote, na sikuona haya.