Mafuta Yaliyolala

Mama mkwe wangu hajawahi kupanda ndege, lakini ana sheria zake za mizigo, na kubishana naye ni kujichosha. Yeye ni wa Lurujo, upande wa Koboko. Mimi nimezaliwa Onduparaka, mjini Arua, huku huku kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kikakwa chake hunipiga chenga, Kilugbara changu hataki kukisikia, kwa hiyo miaka yote kumi na moja ya ndoa yangu tumeelewana, na tumekosana, kwa Kiswahili alichokiokota kambini alipokuwa mke wa askari.

Wifi yangu, binti yake wa mwisho, alipojifungua Nairobi, nilipewa kazi ya kwenda kumwona mtoto kwa niaba ya ukoo mzima. Nilienda kulala Lurujo kwanza. Alfajiri mama alitoka jikoni na chupa ya robo lita, ya mdomo mpana, imejaa mafuta ya shea aliyoyatengeneza mwenyewe. Kwake mtoto hupakwa mafuta hayo kabla ya kitu chochote cha dukani, na anayeyapeleka hayatoi mkononi mpaka afike. Hayaendi kwenye buti ya gari, sembuse kwenye tumbo la ndege. Mume wangu alipakwa hayo, na wifi yangu pia. Mimi sikuwahi kupewa hata ya kuchovya kidole, na sikuomba. Kiburi nami ninacho.

Nilijaribu kumweleza kwamba ndege nayo ina masharti. Wifi alikuwa amenitumia ujumbe: katika mzigo wa mkononi, kila chombo kisizidi mililita mia moja, na vyote viingie katika mfuko mmoja mdogo unaoonyesha vilivyomo. Ujumbe ulisema "vimiminika", neno ambalo sijalisikia likitamkwa popote kati ya Koboko na Arua. Nikatafuta lililo karibu, nikamwambia maji hayaruhusiwi. Hapo ndipo nilipokosea.

"Hii si maji," alisema, akaipindua chupa kichwa chini. Hakuna kilichosogea. "Ona. Iko imelala."

Ndivyo tunavyosema kwetu mafuta yakiganda kwa baridi ya asubuhi. Ningeweza kumjibu kwamba jua likipanda yataamka, lakini aliniwekea chupa mikononi na kunitazama. Mwaka wangu wa kwanza pale nyumbani niliunguza sufuria yake ya mafuta, na tangu siku ile hajanikabidhi kitu cha maana. Nikamwahidi yatafika nikiwa nimeyashika mwenyewe.

Basi la Kampala liliondoka Arua jua likiwa kali. Nilipakata chupa siku nzima kama mgonjwa, na kabla hatujavuka Nile ilikuwa inacheza ndani, bluku, bluku.

Kesho yake, pale uwanja wa ndege Entebbe, ofisa wa ukaguzi alikuwa dada mpole. Aliipindua chupa vilevile kama mama mkwe alivyofanya, na mafuta yakateremka yote. Nikamwambia jana asubuhi yalikuwa yamelala. Akasema anaona, ila sasa yameamka, na hata yangelala, mafuta ya kupaka yanahesabiwa humo humo. Nirudi nikayapakie na mizigo mikubwa, au niyaache.

Kusema kweli nilishawishika kuyapakia. Nani angejua Lurujo? Lakini mimi ningejua, na kila mama akinitazama ningeona chupa ile ikizunguka peke yake kati ya masanduku ya watu.

Nilikuwa na kichupa cha losheni cha mililita mia, karibu kinakwisha. Nilikwenda chooni, nikakiosha mara tatu, nikakikausha kwa kitambaa changu cha kichwa, nikakijaza mafuta. Yaliyobaki sikuwa na moyo wa kuyamwaga. Nikakaa kwenye benchi nje ya choo, nikajipaka mikono, viwiko, shingo, miguu mpaka magotini. Mwanamke wa Sudani Kusini aliyekaa pembeni alinusa, akatabasamu, akanyoosha kiganja bila kuomba. Mfagiaji naye akaja. Chupa ilipokwisha tulikuwa watatu tunang'aa kama tunakwenda harusini, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea.

Kichupa kilipita. Kilinitoka mkononi kwa urefu wa mashine ya ukaguzi tu.

Nairobi tulimpaka mtoto siku hiyohiyo. Wifi akapiga simu Lurujo, akanipa niongee. Ningeweza kusema yamefika na kunyamaza. Nikamwambia mama kwamba mtoto amepata kidogo tu, zaidi ya nusu haikupita.

"Ile ingine uliweka wapi?" aliuliza.

Nikasema ukweli: wageni wawili nimewapa kidogo, mengine yote nimejipaka mimi. Nikajiandaa kusikia habari za sufuria. Badala yake akacheka.

"Ngozi yako iko kavu tangu walikuoa," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia tu, nangoja uombe."

Nikatazama mikono yangu, bado inang'aa.

"Basi iko sawa," akasema. "Watoto yangu yote wamepata."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu ili nilie vizuri.