Nilipigiwa Makofi kwa Kikohozi cha Jirani Yangu

Nitukaneni mkitaka, lakini mnisikize hadi mwisho. Makosa ni yangu. Nilimmaliza jirani yangu bila kumgusa hata kidole, na watu wakanipigia makofi.

Mimi ni mwigizaji huku Mugutha. Usicheke. Kuna wakfu mmoja unaosaidia kliniki yetu, unapanda miti kando ya mto, na unafadhili vikundi vya sanaa kama chetu tufunze watu mambo ya afya sokoni. Kazi yangu kwenye kikundi ilikuwa kuiga watu. Pasta, chifu, mama mboga, nikikutazama mara moja nimekubeba mzima. Na mdomo ninao, siwadanganyi.

Kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga, mlango wa pili, alikaa mama mmoja. Nitamwita Mama Akinyi, ingawa si jina lake. Alitoka magharibi kuja kufanya kazi kiwanda cha nguo Thika. Alipopatikana na TB, kliniki ilimwambia achague mtu wa kumtazama akimeza dawa kila asubuhi, ndio asiache katikati. Alinichagua mimi. Hata dadake hakujua.

Alikuwa anakuja kwangu kabla ya shifti, na mtoto wake. Anakunja kitambaa mara nne, anakohoa ndani yake, anachungulia kama kuna damu, anakisukuma ndani ya sidiria, kisha anameza dawa na maji yangu. Alikuwa anapona, jamani. Mashavu yalikuwa yameanza kurudi.

Basi wafadhili wakasema wanakuja kuona vikundi, wachague kimoja wakishike mkono mwaka mzima. Mchezo wetu wa TB ulikuwa umepoa kama ugali wa jana. Kiongozi wetu akasema mtu alete kitu cha kuamsha watu. Mimi nikaleta kikohozi cha Mama Akinyi. Kunja, kohoa, chungulia, sukuma ndani. Wenzangu walicheka wakashika mbavu. Sehemu ya kumeza dawa niliiacha nje, kwa sababu dawa haichekeshi.

Ngai, akili yangu ilikuwa wapi! Nilimwalika mimi mwenyewe aje anishangilie.

Siku ya maonyesho alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado na koti la kiwandani, akasimama nyuma ya watu. Wageni walipanda miche yao kwanza, wakapigwa picha, wakaketi. Nilipotoa kitambaa, uwanja mzima ulilipuka. Halafu nikaona mwenye ploti yetu ameacha kunitazama mimi, anamtazama yeye. Wengine wakageuka pia. Na Mama Akinyi akawa anacheka nao, mkono mmoja umeshika kifua pale kitambaa chake kilipokuwa. Nilimwona vizuri kabisa. Unajua nilifanya nini? Nilikohoa tena, kwa sababu walikuwa bado wanacheka.

Kesho yake hakuja. Nikaenda kumgongea na kikombe cha maji. Akafungua mlango kidogo tu.

"Jirani," akaniambia polepole, "mimi sitaki watazamaji tena."

Mwenye ploti akamwambia ahame. Kiwandani wenzake wakakataa kula naye. Akachukua mtoto wake, akaenda kwa dadake, kule Kalimoni. Dawa bado angezipata kliniki, lakini wakfu ulikuwa umetuchagua sisi, na ukachapisha bango. Ni mimi pale na kitambaa, na maandishi makubwa kwamba TB inatibika, usione haya. Likabandikwa mlangoni pa kliniki.

Nesi aliniambia Mama Akinyi alifika siku moja, akasimama mbele ya lile bango, akageuka akaenda zake bila dawa. Nesi akaniomba niongee na wafadhili walitoe. Nikamwambia nitaongea. Sikuongea. Lilikuwa bango langu la kwanza maishani, na nilikuwa nazunguka kupitia pale makusudi nijione.

Alikufa. Hata mazishi sikuambiwa.

Nilipoenda Kalimoni kusema pole, dadake aliniacha nimesimama mlangoni. Hakunitukana, na heri angenitukana. Mtoto ndiye alinijua. Ni msichana mdogo, bado yuko shule ya nasari.

"Anti, si ni wewe unajua kufanya kama mama?"

Akakimbia ndani, akarudi na kitambaa, akanishikisha. Nikamwangalia dadake Mama Akinyi anitoe hapo. Alikuwa amekunja mikono.

"Mfanyie," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Nikakunja. Nikakohoa. Nikachungulia, nikasukuma ndani. Mtoto hakucheka. Alingoja, ananitazama, kisha akasema, "Bado dawa, anti. Mama alikuwa anameza."

Nilikuwa sina cha kumeza. Nilirudisha kitambaa nikaondoka, na sijawahi kurudi.

Kikundi niliacha. Lakini hata juzi nikipita sokoni kuna mtu aliniita, eti niwafanyie kidogo kile kikohozi. Huku Mugutha hicho ndicho ninachojulikana nacho, na sioni kikiisha.

Kwa hivyo wewe mwenye kipaji kama changu, unayependa sana kuchekesha watu, nisikize. Kabla hujarudia kile kilichowachekesha, tafuta kwanza kama kuna mtu huko nyuma anacheka akiwa ameshika kifua. Mimi nilimwona, na nikarudia.