Kulia kwa Kihaya

Mwaka jana tulipelekwa Taiwan, walimu wachache wa sanaa, kujifunza historia na sanaa yao ya siku hizi. Katika jumba moja la maonyesho msanii alikuwa ametundika vibao vya mbao ukuta mzima. Mwenyeji wetu akaeleza kwamba zamani mtoto aliyesema lugha ya nyumbani shuleni alivishwa kibao kama hicho shingoni, akachapwa.

Damu ilinichemka. Kwetu Muleba tulivishwa mfupa wa ng'ombe. Nilivishwa nikiwa darasa la tatu, nikachapwa mpaka kaptula ikashika damu. Nikalia, "Mawe!" yaani mama. Mwalimu akafoka, "Hata kulia unalia kwa Kihaya?" Akaanza kuhesabu viboko upya.

Nilimsimulia mwenyeji hayo yote, nikimwita mwalimu yule mshenzi. Akanishika bega, akaniuliza kama siku hizi mambo hayo yamekwisha.

Wiki moja kabla ya safari, darasani kwangu Bukoba, mtoto mmoja alilia "Mawe!" chini ya fimbo yangu. Nikamwongezea viboko viwili.